Uzi wa mafua ya paka wadogo: uliyewahi kuuguza, njoo tupeane uzoefu

Mkaa Ngamiani, Tanga

Habari zenu wapenzi wa paka. Nafungua uzi huu saa nane usiku, nimekaa sakafuni jikoni, na kwenye boksi mbele yangu amelala paka mdogo anayekoroma kwa kila pumzi. Nimemwita Kidoti. Nilimkuta Jumamosi chini ya meza ya muuza nyanya hapa Ngamiani, macho yote mawili yamegandana kwa tongotongo, pua imeziba kwa makamasi ya kijani. Muuza nyanya akaniambia ndugu zake wawili walikwisha kufa. Tukampima kwenye mizani yake: gramu 480. Daktari wa mifugo alimtazama meno akakisia ana wiki 6, na paka wa umri huo alitakiwa awe amevuka 600.

Nikaambiwa ni mafua ya paka, ugonjwa wa virusi. Wahusika mara nyingi ni wawili, virusi vya hepesi ya paka au vya kalisi. Daktari hakunificha: hakuna sindano ya kuvimaliza siku hiyohiyo. Mwili wa paka ndio unaopigana, na kazi yangu ni kumweka hai mpaka ushinde. Wengi huchukua siku 7 hadi 10, wengine wiki 3.

Usiku wa kwanza nilikosea. Nilimwekea samaki, akageuza uso, nikadhani hana njaa nikamwacha alale. Asubuhi nikamkuta wa baridi, miguu ya mbele haimbebi. Paka hali asichokinusa, na pua yake ilikuwa imeziba kabisa. Mtoto wa umri huu hana akiba mwilini, saa chache tu bila chakula sukari ya damu inaporomoka. Nilimfunga kwenye khanga pamoja na chupa ya maji vuguvugu mpaka akapata joto, ndipo nikampaka maji ya sukari kwenye fizi kwa kidole. Joto kwanza, chakula baadaye, maana paka aliyepoa tumbo lake halisagi kitu.

Sasa nafuata mpangilio mmoja kila baada ya saa 3. Naanza na mvuke: sufuria ya maji yaliyochemka kando ya boksi, si ndani, khanga nzito juu ya vyote viwili, dakika 10, na mkono wangu uko humo muda wote nipime joto. Siondoki hapo hata mlango ukigongwa. Kisha maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai, kisichojaa, kwenye robo lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Naloweka pamba, naiacha juu ya jicho mpaka tongotongo lilainike, nafuta kutoka pembe ya ndani kwenda nje. Jicho moja pamba moja. Pua nayo hivyohivyo. Baada ya hapo ndipo chakula, dagaa wa kuchemshwa bila chumvi wala kitunguu, wametwangwa na kuchujwa, wa vuguvugu ili harufu ipande. Namlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mililita 5 hivi, kwa pembeni ya mdomo. Anakaa kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama yake. Nilikuwa namlaza chali kama mtoto wa mtu, akapaliwa, nikaogopa sana. Chakula kikiingia kwenye mapafu unaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Leo ni siku ya nne. Waliopita njia hii, wenu walikulaje? Na mlijuaje kwamba sasa hali ni ya kukimbilia kwa daktari usiku huohuo?

Leso ya Kibokoni, Mombasa

Pole sana dadangu. Wangu alikuja na sura nyingine kabisa, ndiyo maana nilichelewa. Makamasi hakuwa nayo mengi. Alikuwa anachechemea, leo mguu huu, kesho ule, na mate yanamtiririka kidevuni. Nikawagombeza watoto wa jirani bure nikidhani wamempiga. Siku ya tatu nikamfungua mdomo, nikaona ulimi una vidonda viwili, kimoja kikubwa kwenye ukingo. Daktari akaniambia hiyo ndiyo kalisi, hupenda ulimi na wakati mwingine huingia kwenye viungo. Kuchechemea kuliisha kwenyewe baada ya siku chache. Vidonda ndivyo vilivyotutesa.

Kwa hivyo chakula cha kupashwa moto kwangu hakikufaa. Alikuwa akisikia harufu anakuja mbio, analamba mara moja, analia na kurudi nyuma. Nilimpa nyama ya kuku iliyosagwa ikawa kama uji, imepoa, haina chembe ya chumvi, pamoja na dawa ya maumivu ya paka aliyoandikiwa. Tangu hapo nikiulizwa nasema hivi: mtazame anavyoifuata sahani. Anayekuja kisha akakataa anaumwa mdomo. Asiyekuja kabisa hanusi. Hao wawili huwalishi njia moja.

Mama wa Nyau Watatu

Naomba hili lisomwe na kila anayepita hapa. Miaka 4 iliyopita paka wangu alikuwa na mafua, masikio yanachoma kwa homa. Nikampa robo ya kidonge cha parasetamoli, kwa imani ileile ninayompa mwanangu dawa ya homa. Kabla usiku haujaingia fizi zake zilikuwa za rangi ya kahawia, uso na vidole vimevimba, anahema kwa tumbo. Hakuiona asubuhi. Nilielezwa baadaye kwamba ini la paka haliwezi kuivunja dawa ile, inageuka sumu na damu inashindwa kubeba hewa. Msimpe robo, msimpe nusu ya robo. Dawa nyingine za maumivu za binadamu nazo ziacheni.

Mkaa Ngamiani, Tanga

Pole sana dada yangu. Kidonge nilikuwa nacho mezani, jana homa ilipopanda. Nimekiondoa sasa hivi. Mungu akulipe kwa kuandika.

Daktari wa mifugo, Morogoro

Mama wa Nyau, ulichoandika hapo juu kinaokoa paka wengi kuliko dawa nyingi nilizonazo kabatini. Niongeze machache.

Watu huniuliza, kama ni virusi kwa nini daktari aliandika antibayotiki? Haziui virusi. Njia ya hewa ikishachubuliwa na virusi, bakteria nao hupata mlango, na makamasi ya kijani au manjano mazito huashiria hilo. Doksisaiklini hutumika sana, na ukipewa ya kidonge usimwache paka akimeze kikavu. Mfuatishie maji au chakula kidogo, kwa sababu kikikwama kooni kinachoma na kuacha kovu linalobana njia ya chakula. Nimewahi kuona paka aliyepona mafua akawa hawezi kumeza.

Macho yanahitaji uangalifu kupita yote. Hepesi ya paka hutoboa vidonda kwenye kioo cha jicho. Usinunue dawa ya matone yoyote dukani, hasa yenye steroidi, kwani kidonda kitachimbika zaidi na jicho linaweza kupasuka. Asaikilova ya vidonge anayopewa mtu ni sumu kwa paka. Ipo dawa ya virusi tunayoitumia kwao, famsaiklova, lakini daktari ndiye anayepima na kuamua. Wale wanaopaka kifuani dawa za kuchua zenye menthol na kafuri, au kuweka mafuta ya mikaratusi kwenye maji ya mvuke, tafadhali acheni. Paka atajilamba na kuyala. Maji matupu yanatosha.

Kuhusu swali la Mkaa Ngamiani, mimi mgonjwa wa umri wa Kidoti naomba aletwe saa yoyote akianza kuhema mdomo wazi, akipoa, jicho likiwa na ukungu wa bluu au mweupe, au akikataa kila kitu kwa nusu siku. Vuta ngozi ya mgongoni: isiporudi haraka amekaukiwa maji, na maji ya kunywesha hayatatosha. Tunampa maji chini ya ngozi, anaamka. Joto la paka mzima ni nyuzi 38 hadi 39 na ushee, kwa hiyo msiogope mkimshika mkaona ni wa moto kuliko nyinyi. Ndivyo walivyo.

Baba Mjengo, Dodoma

Shikamoo daktari. Tuna mtoto wa miaka 2 na paka anapiga chafya tangu juzi. Mtoto anaweza kuambukizwa?

Daktari wa mifugo, Morogoro

Marahaba. Virusi hivi vya mafua ya paka havimpati binadamu. Lakini naweni mikono kila mnapomshika paka mgonjwa, na mtoto asimbusu usoni kipindi hiki, kwa sababu kuna bakteria wachache wa macho na pua ambao mara moja moja huvuka.

Baraza la Mkunazini, Zanzibar

Sisi mjini paka ni wetu sote, anakula nyumba hii analala ile. Bibi yetu hakuruhusu paka afukuzwe barazani, akisema Mtume amekwisha tuambia si najisi, ni katika wanaotuzunguka. Mwaka jana paka wa barazani alizaa wanne ndani ya kabati la vitabu. Mama mwenyewe mzima, ngozi inang'aa. Watoto walipofika wiki 5 mmoja akaanza chafya, na siku ya tatu wote wanne macho hayafunguki. Nikatafuta nani kawaletea, sikupata. Daktari ndiye aliyenionyesha kuwa ni mama yao. Aliwahi kuugua akapona, virusi vikabaki vimejificha mwilini, na uchovu wa kuzaa na kunyonyesha ukaviamsha bila yeye kuonyesha dalili. Kinga waliyopata watoto kwenye maziwa yake huanza kupungua umri huohuo, basi wanaugua wakati ambao wewe unadhani wamekwishavuka.

Hatukuwatenganisha na mama, kwa ushauri wa daktari, maana joto lake na ulimi wake walivihitaji. Tuliwatenga wao wote na paka wengine wa nyumba. Chafya moja hurusha mate zaidi ya mita moja, kwa hivyo pazia halisaidii, lazima mlango. Niliweka kanzu kuukuu mlangoni, naivaa nikiingia na kuivua nikitoka. Wazima nilikuwa nawalisha kwanza, wagonjwa mwisho. Vyombo na sakafu nilisafisha kwa jiki, sehemu 1 kwa 30 za maji hivi, nasubiri dakika 10 kisha nasuuza sana. Hepesi nje ya mwili hufa ndani ya siku moja, ila kalisi inaweza kukaa wiki nzima na zaidi mahali pakavu, na sabuni ya kawaida haiitishi.

Watatu wamepona. Wa nne, wa kike, jicho la kushoto lilikwishaharibika nilipolifungua. Lilitolewa. Yupo, anakamata panya kwa jicho moja, na ndiye anayelala miguuni kwangu. Najuta zile siku mbili nilizokuwa nasema litafunguka lenyewe.

Mzanzibari wa Muscat

Hadithi ya huyo mama ndiyo ya paka wangu, naye sasa ana miaka 7. Alipata mafua makali akiwa mchanga, akapona, nikasahau. Tulipohama nyumba, wiki moja baadaye chafya zikarudi na jicho moja linatoa maji. Mwaka uliofuata Idi, nyumba imejaa wageni na watoto, baada ya siku chache yakawa yaleyale. Nikaanza kuandika tarehe kwenye kalenda, ndipo nikaona kuwa kila kinachomtia wasiwasi kinafuatwa na mafua. Paka akishaambukizwa hepesi kwa kawaida hubaki nayo maisha yake yote.

Siku hizi wageni wakija namfungia chumba changu mapema, na nguo yangu niliyoivaa, sahani yake na mchanga wake. Kiyoyozi hapa hakizimwi wakati wa joto na hukausha hewa, basi naacha beseni la maji chumbani. Miaka 2 sasa amepata shambulio moja tu, jepesi.

Anachanjwa pia, ile chanjo ya tatu kwa moja yenye hepesi, kalisi na ugonjwa wa kuhara unaoua paka wadogo. Haikumwondolea alichonacho, na hata kwa mzima haizuii kila chafya, lakini ugonjwa unakuwa mdogo. Wadogo huanza wiki ya 6 hadi 8, wanarudia kila wiki 3 au 4 mpaka watimize wiki 16. Watu wengi huchanja mara moja wakaishia hapo, na huyo hajakingwa.

Leso ya Kibokoni, Mombasa

Mkaa Ngamiani, tuambie habari za Kidoti. Nimekuwa nikifungua hapa kila asubuhi kabla ya chai.

Mkaa Ngamiani, Tanga

Samahanini kwa kimya. Siku ya sita ilikuwa mbaya. Alihema mdomo wazi, nikakumbuka maneno ya daktari wa hapa, nikachukua bodaboda usiku na boksi kifuani. Alipewa maji chini ya ngozi na antibayotiki, tukalala hukohuko kwenye benchi. Bila uzi huu ningesubiri kupambazuke.

Leo ni siku ya kumi na moja. Nilimpima kwa muuza nyanya yuleyule, gramu 560, na mama yule akanipa nyanya mbili bure kwa furaha. Macho yote mawili yako wazi, la kulia lina maji kidogo. Chafya mbili tu tangu asubuhi. Jioni nilibandika dagaa jikoni, yeye yuko chumbani amelala. Sijageuka, nikasikia kitu kinanigusa kisigino. Ametoka kwenye boksi mwenyewe, amevuka ukumbi, pua juu, anafuata harufu.

Bomba la sindano nimeliosha nikaliweka juu ya kabati. Anakula kwenye sahani, ameingiza na miguu.