Wageni 11, siku 9 na shilingi 25,000: naomba ushauri wa mapishi

Mama wa Langoni (Lamu)

Assalaam alaykum, ndugu zangu na wazee wangu.

Shule zimefungwa, na nyumba yetu hapa mtaa wa Langoni inatarajia wageni 11 kuanzia Jumatano ijayo hadi Alhamisi ya wiki itakayofuata. Wanaokuja ni mavyaa wangu na dada yake kutoka Mombasa, shemeji yangu na mkewe na watoto wao wanne kutoka Malindi, na wifi yangu na mumewe na mtoto wao mmoja. Ukituongeza sisi wenyeji 6 tutakuwa watu 17, nane kati yetu wakiwa watoto, kwa siku 9. Fedha niliyoiweka kando kwa chakula chote, pamoja na makaa, ni shilingi 25,000, na hakuna nyingine itakayopatikana kabla ya mwisho wa Januari.

Mwaka jana walikuja wageni 8 tu, nami nikaaibika. Siku ya kwanza nilipika biriani, ya pili pilau, ya tatu wali wa nazi na samaki wa kupaka, na usiku ule wali uliobaki, ambao haukupungua nusu ya sufuria, niliuacha jikoni nikidhani utafaa asubuhi. Alfajiri nilipoinua kawa, harufu ya uchachu ilinijibu kabla sijauonja. Kufikia siku ya tano nilikuwa nikichukua unga na sukari dukani kwa mkopo, na deni hilo nilimaliza kulilipa mwezi wa Machi.

Naomba mnisaidie kupanga mapishi mepesi yasiyo ghali, ambayo hayatamfanya mgeni ahisi kwamba ameifikia nyumba ya dhiki. Jokofu ninalo, ila ni dogo na umeme hukatika. Nawaomba pia asiniandikie mtu methali ya mgeni na jembe. Naijua, na mavyaa wangu anaijua zaidi yangu.

Fundi Hesabu (Malindi)

Wa alaykum salaam, dada. Watu 17 kwa siku 9 ni sawa na kumlisha mtu mmoja siku 153, na ukizigawa shilingi 25,000 kwa siku hizo utapata kama shilingi 163 kwa kichwa kwa siku. Zinatosha, lakini hazina nafasi ya kosa hata moja.

Mimi nina mazoea, ambayo mke wangu huyacheka, ya kuandika matumizi ya nyumbani katika daftari. Tulipopokea wageni wa harusi nilistaajabu kuona kwamba kilichotumaliza hakikuwa chakula cha mchana, ambacho ndicho tulichokihofia, bali chai. Maziwa ya pakiti, sukari, mkate wa dukani na mandazi ya kununua, asubuhi na tena saa kumi za alasiri, vilikula karibu nusu ya fedha yetu, na hakuna mgeni hata mmoja aliyekumbuka kuisifu chai ile. Tangu hapo chai ya maziwa kwetu ni ya asubuhi tu, na ya alasiri ni ya mkandaa yenye tangawizi au iliki, ambayo wazee ndiyo waipendayo hasa. Sukari itiwe ndani ya birika na mtu mmoja anayejua kipimo, kwa sababu bakuli la sukari likiwekwa mbele ya watoto wanane halifiki jioni.

La pili, mwambie shemeji yako anayetoka huku kwetu abebe maembe. Desemba ni msimu wake, na kapu moja litawatosha watoto siku kadhaa, wakila yaliyoiva kama tunda na mabichi kwa chumvi na pilipili, badala ya kukimbilia dukani kila saa. Mwombe pia akununulie mchele na unga, kwa maana kila kinachofika Lamu kimevushwa kwa mashua kutoka Mokowe na kubebwa na hamali au punda, na gharama hiyo huilipa mnunuzi. Si aibu kumtajia. Mgeni wa pwani hasafiri mikono mitupu, na ukimwambia unachokihitaji unamwondolea taabu ya kukisia na kukuletea biskuti.

Bi Mkubwa wa Mkomani

Mwanangu, nimekuelewa. Wali wa nazi na mchuzi wa nazi kwa mlo mmoja wa watu 17 ni nazi sita kwa uchache, na chakula chenye tui hakilali salama katika joto hili la kaskazi. Kanuni niliyoirithi kwa mama yangu ni hii: nazi iingie chungu kimoja tu kwa siku. Ukipika wali wa nazi, kitoweo kiwe mchuzi wa ukwaju na nyanya, au dagaa wa kukaanga na kachumbari. Ukipika mbaazi za nazi au kunde za nazi, wali uwe mweupe wa mafuta kidogo na chumvi. Hakuna mlaji atakayegundua, kwa sababu ulimi ukishaonja nazi mahali pamoja hauitafuti mahali pengine.

Nazi yenyewe ina namna ya kuinyoosha. Ikishakunwa, kamua tui la kwanza kwa maji machache sana, liwe zito kama maziwa ya mtindi, uliweke kando. Kisha chicha ile ile itie maji ya uvuguvugu, uikamue mara ya pili na ya tatu, na tui hilo jepesi ndilo la kuchemshia mbaazi mpaka zinywe na kulainika. Tui zito huja mwisho kabisa, moto ukiwa mdogo, huku unakoroga kwa upawa bila kuacha ili lisikatike. Wengi hutia tui lote mwanzoni, likachemka na kujitenga mafuta, kisha wakaongeza nazi nyingine wakidhani ilikuwa haitoshi.

Kunde, mbaazi na pojo ziroweke usiku kucha, kwa kuwa nafaka iliyolowa huiva upesi na makaa ni fedha. Chemsha za siku mbili kwa pamoja kwa maji matupu, bila tui, na sehemu ya kesho iweke katika jokofu lako dogo ikishapoa. Tui utalitia siku ya kula. Umeme ukikatika usiku, zichemshe tena alfajiri uzile mchana huo huo.

Kwa mchele, usizidishe kilo mbili kwa mlo. Watu wazima tisa na watoto wanane watashiba kwa kiasi hicho, na ukiona masufuria ya jirani ni makubwa kuliko yako, usishindane nayo. Wali upikwe mara moja tu kwa siku, mchana baada ya sala ya adhuhuri. Usiku uwe mwepesi: chapati na mchuzi uliobaki, muhogo wa kuchemsha na chatini ya ukwaju, viazi vya rojo, au tambi za kukaanga kwa sukari na iliki ambazo watoto watazigombania.

Samaki wanahitaji maneno zaidi. Huu ni msimu wa kaskazi, bahari imetulia na mashua zinarudi zimejaa, kwa hiyo usimngoje mchuuzi akupitishie vipande mlangoni. Mtume mume wako asubuhi ufukweni wanapopandisha, anunue samaki mmoja mkubwa mzima, kolekole au jodari, apewe na kichwa chake. Kichwa na mifupa ya katikati hutoa mchuzi wa siku moja, na minofu hutoa wa siku ya pili. Samaki wa kukaanga huhesabiwa vipande, kila mtu na chake, na akizidi mgeni mmoja umeumbuka; samaki wa mchuzi hahesabiwi. Tia viazi na embe bichi, mchuzi utakuwa na ukali mzuri, na vipande kumi vitalisha watu 17 bila mtu kuinua nyusi.

Asubuhi usinunue mkate. Kilo moja ya unga, iliyokandwa kwa tui jepesi, hamira, iliki na sukari kidogo, hutoa madonge manane, na kila donge ukilisukuma na kulikata mara nne unapata mahamri 32. Siku moja wapatie mahamri na mbaazi, siku ya pili chapati za maji, siku ya tatu muhogo wa nazi, kisha urudie. Muhogo huo ukiupika, hiyo ndiyo nazi yako ya siku hiyo.

Jambo la mwisho: pakua kwa sinia. Watoto wanne wanne, wanawake sinia lao, wanaume lao. Kwa sahani kila mtu huacha kidogo, na kidogo cha watu 17 ni chakula cha watu watatu. Mama yangu alikuwa akikiweka kitoweo katikati ya sinia na kukigawa kwa mkono wake mwenyewe, mnofu mzuri akiusogeza mbele ya mgeni huku akizungumza habari nyingine, na mimi nilifika miaka ishirini kabla ya kutambua kwamba yeye hakuwa akila mnofu.

Mtoto wa Tudor (Mombasa)

Kwa heshima zote, Bi Mkubwa, naona umewapangia wageni hawa chakula cha msiba. Watu wamesafiri kutoka Mombasa kutwa nzima kwa basi na mashua, wakute mbaazi, kunde na kichwa cha samaki? Nashauri dada achinje mbuzi mmoja siku ya kwanza, roho za watu zitulie, kisha apange mengine baadaye.

Bi Mkubwa wa Mkomani

Mwanangu wa Tudor, mbuzi wa maana atakula theluthi ya fedha yote, na nyama yake itakwisha kabla ya siku ya tatu kwa sababu jokofu ni dogo. Atakachokikumbuka mgeni ni siku ya tisa alipokula chai na hewa. Nyama ipo katika hesabu yangu: Ijumaa apike pilau, kilo mbili na nusu za mchele kwa kilo moja na nusu ya nyama yenye mifupa, na viazi vingi. Pilau nzuri ni vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa hudhurungi, bizari nyembamba na supu ya mifupa. Wingi wa nyama hauiongezei harufu. Wakijua tangu siku ya kwanza kwamba Ijumaa kuna pilau, wataingoja. Kuhusu kichwa cha kolekole, waulize wazee wako nani alikuwa akipewa.

Mama wa Langoni (Lamu)

Nawashukuru nyote, na nimeandika kila neno. Yamebaki mawili. Dada wa mavyaa wangu ana ugonjwa wa sukari, nami siwezi kumpikia chungu chake peke yake siku zote 9. Pia mavyaa wangu ana desturi ya kuingia jikoni na kuongeza: akiona nazi nne huagiza mbili zaidi, akiona samaki mmoja humtuma mtoto akanunue wa pili kwa fedha yangu. Nitamzuiaje bila kumvunjia heshima?

Muuguzi Mstaafu (Malindi)

Kwa mgonjwa wa sukari huhitaji chungu cha pili. Ulichopangiwa hapa kinamfaa kuliko biriani ya mwaka jana, kwa sababu kunde, mbaazi, pojo, samaki na mchicha ndivyo vyakula ninavyowahimiza wagonjwa wangu wavile. Kinachohitaji uangalifu ni kiasi cha wali, chapati, muhogo na viazi, kwa hiyo mpakulie sahani yake badala ya sinia, mboga na kitoweo vingi, wali kidogo. Maembe mabivu asizidishe. Chai yake itolewe kabla sukari haijatiwa birikani na ihifadhiwe katika chupa yake ndogo, na hapo ushauri wa Fundi Hesabu hautavurugika. Ikiwa anatumia dawa au sindano, muulize anakula saa ngapi kwa kawaida usije ukamchelewesha, maana dawa bila chakula humshusha sukari na hilo ni hatari ya papo hapo. Mengine daktari wake ameshamweleza.

Fundi Hesabu (Malindi)

Kuhusu mavyaa, mpe mamlaka. Mkabidhi fedha ya vitoweo vya siku 9 mapema, mwambie mbele ya mumeo kwamba unamwomba yeye ndiye akugawie kwa kuwa anajua kuliko wewe, na umtajie kiasi chote kilichopo. Mama yangu alipokabidhiwa ghala la mchele katika harusi ya mdogo wangu, alikuwa bahili kuliko karani wa bandari.

Mama wa Langoni (Lamu)

Nimecheka peke yangu, lakini nitafanya hivyo. Shemeji ameshakubali kuleta mchele kilo 15, unga na kapu la maembe, na amesema alikuwa ametaka kuleta biskuti. Mume wangu atakwenda ufukweni Alhamisi asubuhi. Jumatano usiku watafika wamechoka, kwa hiyo nitawapokea kwa chapati na mbaazi za nazi, na kahawa ya tangawizi. Kilichobaki ni chombo: sufuria yangu kubwa ni ya kilo mbili, na ya pilau ya Ijumaa sina.

Bi Mkubwa wa Mkomani

Ya kilo tano ninayo, na sinia mbili, na kifumbu kipya kisichovuja chicha. Mtume mtoto Jumanne baada ya sala ya alasiri, ila umwonye asiipige ngoma njiani akipita nayo Usita wa Mui. Aliyeichukua mara ya mwisho aliirudisha kifuniko kimebonyea, na tangu siku hiyo mvuke hutoka upande mmoja. Itabidi ukizibe kwa kitambaa kibichi unapopalia makaa.