Tulilipia kumtazama furukombe Naivasha, tukaonyeshwa samaki aliyejazwa sponji

Wanajukwaa wenzangu, nimesubiri siku kumi kabla ya kufungua uzi huu kwa sababu nilitaka kampuni iliyotupeleka ipate nafasi ya kujibu, nayo imejibu kwa namna iliyoniudhi kuliko safari yenyewe. Sitaitaja kwa jina kwa kuwa madai yetu ya kurejeshewa pesa bado hayajakwisha, lakini kila nitakachoeleza nilikiona kwa macho yangu, na ujumbe wote tulioandikiana kabla ya kulipa ninao kwenye simu.

Sisi ni kikundi cha watu tisa wa hapa Nairobi, watu wazima saba na watoto wawili. Wengi wetu tulianza kutazama ndege katika yale matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Kitaifa, na tangu wakati huo tumekuwa tukichanga kidogo kidogo kila mwezi ili tutoke nje ya jiji angalau mara mbili kwa mwaka. Mwezi wa Julai tulitaka kumwona furukombe, yule tai mla samaki mwenye kichwa na kifua cheupe, kwa utulivu na kwa muda mrefu. Hatukutafuta picha za kubandika ukutani. Tulitaka kukaa majini injini ikiwa imezimwa, tumwangalie anavyoishi.

Tangazo tulilolipata lilisema "Tai wa Baharini, Safari ya Msimu wa Baridi", na picha yake ilikuwa ya tai mkubwa mweusi mwenye mabega meupe na mdomo mnene wa manjano, amesimama juu ya barafu. Yeyote aliyewahi kufungua kitabu cha ndege wa dunia anamjua huyo. Ni tai anayezaliana Kamchatka na pwani za Bahari ya Okhotsk huko Urusi, na wakati wa baridi wengi wao hushuka hadi Hokkaido nchini Japani, ambako mwezi wa Februari hukusanyika karibu na mji wa Rausu juu ya mapande ya barafu yanayoelea. Anaweza kufikisha kilo 9. Furukombe wetu jike, ambaye ni mkubwa kuliko dume, huwa na kilo 3 na ushei. Ni kweli kwamba wana undugu, na kwa miaka mingi wanasayansi waliwaweka katika jenasi moja, lakini huyo wa picha hajawahi kuwa ndege wa Kenya, na Ziwa Naivasha ni la maji yasiyo ya chumvi, lililo juu ya bahari kwa karibu mita 1,890. Nilipowauliza kuhusu picha hiyo nikajibiwa kwamba ni pambo tu. Sikulifuatilia zaidi, kwa sababu nilikuwa na swali lililonikera zaidi.

Swali hilo niliwaandikia mwanzoni mwa Julai, kabla hatujatuma hata shilingi moja: "Je, ndege huvutwa kwa kutupiwa chakula? Kama ndivyo, sisi hatutakuja." Jibu lao, ambalo nimelihifadhi, lilikuwa hivi: "Hapana. Tunawatazama katika maumbile yao ya asili." Kwa jibu hilo tulilipa shilingi 6,500 kwa kila mtu mzima na 3,500 kwa kila mtoto, jumla shilingi 52,500, zote kwa M-Pesa na zote kabla ya siku ya safari.

Tuliahidiwa kuchukuliwa katikati ya jiji saa kumi na nusu alfajiri. Gari lilifika saa kumi na mbili na robo, bila simu wala neno la radhi, huku watoto wakiwa wamejikunyata ndani ya blanketi kwenye ngazi za duka. Ukungu wa Julai mnaujua. Kuanzia Limuru hadi Kinungi tulikuwa tukitambaa nyuma ya malori, na tulifika gatini saa tatu na dakika kumi. Wengine wataniambia kuchelewa ni jambo la kawaida. Kwa safari hii halikuwa la kawaida hata kidogo, kwa sababu furukombe huita zaidi alfajiri, dume na jike wakiitikiana huku wamerudisha vichwa nyuma hadi mgongoni, na ni sauti hiyo iliyompa jina lake la kisayansi, vocifer. Watoto wetu walikuwa wamejifunza kuiiga. Tulipofika ziwa lilikuwa limekwisha kuamka, boti zilikuwa zikinguruma kila upande, na mwito wa jozi ya ndege tuliusikia mara moja tu, kwa mbali, tukiwa bado tunavaa jaketi za kujiokoa, ambazo zilikuwa saba ilhali sisi tulikuwa tisa. Tulikataa kung'oa nanga mpaka nyingine mbili zikaazimwa boti ya jirani, na hilo ziwa lina viboko.

Sasa nieleze kilichotendeka majini, kwa sababu ndicho kiini cha malalamiko yangu.

Chini ya kiti cha nahodha kulikuwa na karai lililofunikwa kwa gunia. Tulipokaribia migunga ya kwanza, ile iliyokufa ikiwa imesimama baada ya ziwa kupanda miaka ya karibuni, nahodha alipunguza mwendo, akafunua gunia na kutoa tilapia mdogo, hazidi urefu wa kiganja changu. Tumbo la samaki lilikuwa limepasuliwa. Akachukua kipande cha sponji ya manjano, ile ya godoro, akakisokomeza ndani kwa kidole gumba, akapiga mluzi mkali mara mbili, akainua mkono juu ili ndege amwone, kisha akatupa. Samaki akaelea. Furukombe akaacha tawi, akashuka kwa mshazari, akanyoosha miguu mbele, akamnyakua na kupaa, yote kwa muda usiotosha mtu kuvuta pumzi mbili. Boti ya pili iliyokuwa kando yetu ilishangilia.

Sitakana kwamba ulikuwa mshuko wa kupendeza, na hilo ndilo linaloniuma. Nimengoja miaka kuuona kwa karibu namna hiyo, na nilipouona nilijua kwamba nilichokiona ni ndege aliyefundishwa kuitika mluzi. Furukombe hutumia sehemu kubwa ya siku akiwa ametulia mtini, akiyatazama maji. Nyayo zake zina vijinundu vikali vya kumshika samaki anayeteleza, na huvua samaki walio karibu na uso wa maji, mara nyingi bila kuzamisha mwili. Kazi hiyo anaiweza bila karai la mtu yeyote. Mtoto mmoja wetu, mvulana wa miaka tisa, alikuwa amekuja na daftari alilolichora safu mbili, moja ya dakika ambazo ndege anakaa na nyingine ya dakika ambazo anawinda, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwambia kwamba uvumilivu wa ndege huyu ni mkubwa kuliko wetu. Baada ya samaki wa tatu alifuta kichwa cha safu ya pili na kuandika: "Anakuja akipigiwa mluzi." Alinionyesha bila kusema neno.

Nilimwomba nahodha aache. Alinijibu kwa heshima, na nataka nimtendee haki hapa: "Mama, mimi naagizwa. Wageni wasipopata picha hawaniachii kitu, na ofisi inanipigia simu." Sina ugomvi na huyo kijana. Nilimuuliza mbona hatumii angalau mafunjo ili samaki aelee, kama wafanyavyo wengine ziwani humo, akasema mafunjo yaliyo karibu na gati yamekwisha kukatwa na sponji hupatikana bure kwa fundi wa viti. Mafunjo ni mmea na huoza. Sponji ni plastiki, haina kazi ndani ya tumbo la ndege wala la kinda, na ikidondoka majini hubaki humo humo.

Kisha tukapelekwa chini ya kiota. Kilikuwa kikubwa, rundo la vijiti kwenye panda ya mgunga, na furukombe hurudia kiota kimoja mwaka hadi mwaka akikiongezea vijiti, kwa hiyo pale palikuwa pana kazi ya miaka. Jike alikuwa amelala ndani, kichwa chake cheupe kikionekana ukingoni. Karibu na ikweta ndege hawa hutaga karibu mwezi wowote, na mayai huatamiwa kwa zaidi ya siku 40. Mwongozaji, ambaye dakika chache kabla alikuwa ametuonyesha furukombe mchanga mwenye manyoya ya kahawia yenye mabaka akamwita mwewe, alimwamuru nahodha asogee hadi shina la mti lilipoweza kuguswa kwa mkono. Sote tisa tulikataa kwa sauti. Boti ilisogea hata hivyo. Jike aliinuka, akapiga kelele, akaondoka kiotani, na hakurudi kwa muda wote tuliokuwa tukilazimisha boti irudi nyuma, ambao kwa saa ya mkononi mwangu ulikuwa dakika kumi na mbili. Asubuhi ya Julai kule Naivasha ina baridi inayopenya sweta. Mayai yaliachwa wazi katika baridi hiyo ili watu tisa waliokwisha kusema hawataki wapate picha.

Jumatatu niliipigia simu ofisi. Nilijibiwa kwanza kwamba huo ndio utaratibu wa ziwa zima na kwamba mimi ndiye wa kwanza kulalamika. Nilipomsomea afisa yule ujumbe wao wenyewe, alisema aliyeandika hakuwa na mamlaka ya kuahidi. Mwisho akaniambia kwamba kuwalisha tai ni kuwasaidia, kwa vile ziwa limeharibika. Nimelifikiria sana hilo la mwisho, maana lina chembe ya ukweli ndani yake na ndiyo maana ni la hatari. Ni kweli Naivasha imepitia mengi: kamba wa Marekani walioletwa mwaka 1970, magugu maji, uvuvi uliozidi kiasi hata ukafungwa kwa muda mwaka 2001, na katika miaka ya 1990 watafiti waliona idadi ya furukombe ikishuka na wakaihusisha na uhaba wa chakula. Lakini tilapia sita kutoka kwenye karai, wanaotupiwa jozi mbili tatu zinazokaa karibu na gati, hawarudishi chakula cha ziwa. Tena samaki wale walikuwa wachanga, waliopaswa kuachwa majini wakue, na huyo furukombe na kinda wake wangewakuta humo humo.

Kuna watakaoniambia kwamba hata huko Rausu mashua huwatupia tai samaki juu ya barafu, na Norway vilevile wapiga picha hulipia tai watupiwe samaki. Nalijua hilo. Aendaye huko huambiwa kabla ya kulipa, na aliye na dhamiri tofauti hubaki nyumbani na pesa zake. Sisi tuliuliza kwa maandishi, tukajibiwa kwa maandishi, na jibu lilikuwa la uongo.

Walichotupatia baada ya simu nne ni punguzo la asilimia kumi kwa safari nyingine ya aina ileile. Tumelikataa. Tunadai nusu ya pesa zetu, yaani shilingi 26,250, kwa kuwa usafiri na chakula tulipata na hatutaki kudai tusichostahili. Tunadai tangazo liondolewe ile picha ya tai wa Hokkaido na liseme waziwazi kwamba ndege hutupiwa samaki, ili mwenye kutaka aende akijua. Na kuhusu kiota, tunataka maandishi yaliyotiwa sahihi kwamba manahodha wao hawatasogea tena chini ya mti wenye ndege anayeatamia, awe mgeni ameomba au hakuomba.

Picha za samaki na sponji ninazo tatu, nimeziambatisha hapa chini. Uso wa nahodha nimeuziba kwa makusudi na naomba mtu yeyote asijaribu kumtafuta. Kama nawe umepelekwa chini ya kiota hicho, kilicho kwenye mgunga mkavu wenye panda tatu, upande wa kushoto ukitoka gatini, tafadhali andika tarehe na ulichokiona, hasa kama ulimwona jike amerudi baada ya Jumamosi ile.

Na anayemfahamu nahodha wa Naivasha ambaye hukubali kuzima injini mbali na miti, asiyebeba karai, anitumie ujumbe wa faragha. Mwezi wa Agosti tutalala Naivasha Ijumaa usiku kwa gharama yetu wenyewe, ili saa kumi na mbili asubuhi tuwe tayari majini. Watoto wote wawili wamekwisha kujiandikisha, na daftari limechorwa safu mpya.