Video yangu imeondolewa mtandaoni juu ya wimbo uliokuwa unapigwa duka la jirani, nifanyeje?

mama_riziki: Wadau naomba msaada. Nina chaneli ndogo, nazunguka soko la Gikomba, Nairobi, nahoji wafanyabiashara. Juzi video moja imeondolewa ati ina wimbo wa mtu, na huo wimbo ulikuwa unatoka kwa spika ya duka la nyuma wakati mama anaeleza vile bei ya mitumba imepanda, yaani sekunde chache tu na hata maneno huyasikii vizuri. Hakuna aliyeniuliza kitu. Kwani sheria inasemaje, si huku ni kutuziba midomo?

Sheria_Mtaani: Pole dada. Hapa Kenya Sheria ya Hakimiliki ilirekebishwa 2019, mwenye kazi anapeleka notisi kwa kampuni ya intaneti nayo inapewa saa 48 kufunga, labda uwahi kuleta pingamizi. Hapo ndipo pananiuma, anayeamua si hakimu, ni kampuni inayoogopa kushtakiwa, na ukiogopa kesi utafunga kwanza maswali baadaye. Lakini kama mtandao wako ni wa Marekani wanafuata sheria yao ya 1998, DMCA. Andika pingamizi, na mlalamishi asipoenda kortini video inarudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi.

prodyuza_umoja: Mimi narekodi wasanii na naumia kweli. Wimbo unatoka asubuhi, jioni unauzwa kwa flashi bila ruhusa huko River Road, Nairobi, na msanii hana hata nauli. Hao washikwe. Lakini mama wa mitumba hajaniibia chochote jamani.

Kasuku_47: Marekani walijaribu kwenda mbali zaidi na mswada wa SOPA, wa kupambana na wizi wa kazi mtandaoni, saiti nzima ingezibwa juu ya makosa ya watu wachache. Tarehe 18 Januari 2012 Wikipedia ya Kiingereza ikajifunga siku nzima kupinga, watu wakapigia wabunge wao simu, siku mbili baadaye mswada ukawekwa kando. Sisi huku miswada inapita tukiwa tumelala, tunaamka video ikishaondolewa.

mama_riziki: Asanteni sana, naandika pingamizi saa hii, nitaonyesha dakika kamili wimbo unaposikika.

Sheria_Mtaani: Sawa dada, ila ujue jina lako na anwani vitaenda kwa huyo mlalamishi. Wengi wakifika hapo wanaogopa wanaachana nayo, na video inapotea hivyo hivyo.