Sauti ya soul na funk ya zamani: tununue mashine ya tepu, au tubadili namna ya kurekodi?

Mleta mada

Wakuu, naleta hoja iliyotugawa katika studio ndogo ninayofanyia kazi hapa Dar es Salaam. Bendi moja ya vijana imetujia na rekodi za soul na funk, muziki wa Wamarekani weusi, zilizotengenezwa Memphis na Detroit katika miaka ya 1960, ikitaka nyimbo zake zisikike vivyo hivyo: ngoma kavu, besi nene isiyo na makali, na tarumbeta zinazofoka bila kuumiza sikio. Mwenzangu anashikilia kwamba bila mashine ya tepu, ile inayorekodi kwenye utepe wa sumaku badala ya kompyuta, tutakuwa tunajidanganya, na ameshapata moja iliyotumika huko Ulaya. Mimi napinga, na ningependa hoja yangu ipingwe kabla fedha hazijatoka.

Naamini kwamba kile tunachokiita sauti ya zamani kilikuwa kimeshakamilika chumbani kabla hakijaifikia tepu. Tuchukue besi ya James Jamerson wa Motown, kampuni ya rekodi ya Detroit. Alipiga gitaa la besi aina ya Fender Precision la mwaka 1962 lenye nyuzi za uso bapa, ambazo hakuzibadilisha mpaka zikatike, na chini ya kifuniko cha daraja la gitaa kulikuwa na sponji ya kufifisha mlio. Juu ya hayo, alidonoa kwa kidole kimoja tu, cha shahada. Uzi uliochakaa kwa jasho na mafuta ya vidole hauna tena ule mlio wa chuma ambao leo tunahangaika kuuondoa kwa kompyuta. Mashine iliyokuwa upande wa pili wa kioo ilipokea kitu kilichokwisha kupikwa.

Kuhusu ngoma, inasimuliwa kwamba Al Jackson Jr., aliyepigia Stax na baadaye Hi, kampuni za rekodi za Memphis, alikuwa akiweka pochi yake juu ya snea, ile ngoma ndogo yenye nyaya chini, ili kuua mlio unaobaki. Wiki iliyopita tulijaribu jambo hilo kwa namna yetu. Tulikunja kipande cha kitenge mara nne tukakilaza pembeni mwa snea, tukajaza blanketi ndani ya ngoma kubwa, tukatundika maikrofoni moja kama mita moja juu ya kichwa cha mpigaji, kisha tukazima pangaboi kwa sababu mvumo wake ulikuwa ukisikika. Kijana alilowa jasho kabla ubeti wa pili haujafika, lakini tulipousikiliza mdundo ule hakuna aliyegusa kitufe chochote kwa muda. Kasoro iliyobaki ilikuwa ya mkono: matoazi yalizidi snea, na kwa kuwa maikrofoni ni moja hakuna fundi awezaye kuyashusha peke yake, ikabidi mpigaji mwenyewe ajifunze kuyagusa kwa upole. Nadhani wapigaji wa zamani walijifunza hivyo hivyo, kwa kukosa njia nyingine.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, sikupingi kuhusu nyuzi na kitenge, ila umeidharau tepu kwa kuiona kama chombo cha kuhifadhia tu. Sauti inapoingia kwa nguvu kuliko tepu inavyoweza kubeba, vilele vyake havikatwi ghafla kama inavyotokea kwenye kompyuta, bali hubanwa taratibu na kuongezewa milio midogo ya juu ambayo haikuwapo mwanzoni, na ndiyo maana snea iliyopigwa kwa nguvu husikika nene badala ya kali. Mtu anayetaka tarumbeta zisiumize sikio, kama ulivyosema mwenyewe, anaomba jambo hilo hasa.

Jambo la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi, ni kwamba mashine humlazimisha mtu kuamua. Daptone, kampuni ya rekodi ya Brooklyn, New York, iliyoanzishwa mwaka 2001 na Gabriel Roth na Neal Sugarman, ilijijengea jina kwa kurekodi kwenye mashine ya njia 8, yaani inayoweka sauti nane tofauti sambamba kwenye tepu moja, wakati wenzao wote walikuwa na njia zisizo na mwisho. Ukiwa na njia 8, ngoma utazipa moja au mbili, tarumbeta na saksafoni zote zitakaa kwenye moja, na uwiano wao utaamuliwa wakiwa wamesimama pale, si mwezi ujao. Stax nao, katika ile sinema ya zamani ya mtaa wa McLemore yenye sakafu iliyoteremka kuelekea jukwaani, waliendelea kurekodi kwenye njia moja tu mpaka katikati ya miaka ya 1960.

Mleta mada

Mfano wako wa Daptone naupokea, lakini una upande wa pili. Mwaka 2006 mtayarishaji Mark Ronson aliwatumia wapigaji wa nyumba hiyo, Dap-Kings, katika nyimbo kadhaa za albamu ya mwimbaji wa Uingereza Amy Winehouse iitwayo *Back to Black*. Bendi ilirekodiwa Brooklyn kwa tepu, ni kweli, lakini fidla za okestra ziliongezwa London na uchanganyaji wa mwisho ulifanyika huko huko, kompyuta ikitumika. Hakuna msikilizaji aliyelalamika kwamba uzamani umepotea njiani. Kuhusu njia 8, sioni kinachotuzuia kujiwekea sharti hilo ndani ya programu: njia 8, basi, na anayetaka ya tisa afute mojawapo.

Mchangiaji wa kwanza

Sharti hilo nimeliona likiwekwa mara nyingi, na kila mara nimeliona likivunjwa saa nane za usiku. Mashine ya njia 8 haina njia ya tisa hata ukiililia.

Mchangiaji wa pili

Mimi nauliza tu kwa nini vijana wa Dar es Salaam watake kusikika kama Memphis. Muziki wa dansi wa hapa una sauti yake ya zamani ambayo bado haijachoshwa.

Mchangiaji wa tatu

Wanangu, nilikuwa fundi mitambo wa redio kwa miaka mingi, na tepu nimezishika mpaka vidole vikanuka spiriti ya kusafishia vichwa vya mashine. Anayezisifu amsikilize kwanza anayezitunza. Hapa pwani, gundi inayoshikilia unga wa sumaku kwenye baadhi ya tepu za zamani hunyonya unyevu, na siku ukiizungusha reli yake inanata kwenye vichwa na kulia kama mlango mbovu. Dawa yake ni kuioka kwa joto la nyuzijoto 54 za Selsiasi hivi kwa saa nyingi, ndipo uinakili haraka kabla haijanata tena. Halafu kuna hesabu ya urefu. Reli ya mita 762, ikikimbia sentimita 38 kwa sekunde, inakwisha kwa dakika 33, nanyi mna bendi ya vijana ambao bado wanajifunza kugusa matoazi.

Hata hivyo mleta mada amepita haraka jambo moja. Tulipokuwa tukirekodi bendi, hatukusawazisha kwa vitufe, tulisawazisha kwa hatua za miguu: mwenye tarumbeta alirudi nyuma hatua mbili, mwimbaji akasogea, mwitikiaji aliyezidi akageuzwa uso ukutani. Kila chombo kilivujia kwenye maikrofoni ya mwenzake, na uvujaji huo ndio ulioufanya wimbo usikike kama watu waliomo chumba kimoja. Mmeeleza ngoma na besi, lakini hamjasema kama bendi nzima ilipiga pamoja.

Mleta mada

Mzee, shikamoo, na umenibana mahali penyewe. Hapana, hawakupiga pamoja: tulirekodi ngoma, kisha besi siku iliyofuata kwa sababu mpigaji alikuwa kazini. Nakubali kwamba kwa utaratibu huo, tepu wala kitenge visingetusaidia. Jumamosi tutawaweka wote chumbani, pangaboi likiwa limezimwa. Kama kuna mwenye mashine inayofanya kazi, tungeshukuru kupitisha wimbo mmoja humo tulinganishe.

Mchangiaji wa tatu

Marahaba. Ninayo ya njia 2, inadai mkanda mpya wa mpira tu. Njooni na tepu yenu, lakini msiniletee faili, nileteeni bendi.