Leseni ya wiki sita na pesa ya STI mkononi: gari gani la kwanza kwa kijana wa Mombasa?

MamaTudor
Assalamu alaikum nyote. Mwanangu ana miaka 19, leseni ameipata wiki sita zilizopita. Mjomba wake aliye Muscat alimuahidi gari akifaulu mitihani, na ahadi ameitimiza: milioni moja na laki saba, zimeshaingia benki. Sasa kijana hana usingizi wala mlo. Ataka Subaru Impreza WRX STI ya 2009, ameshaiona Ganjoni, ya buluu, na kila jioni hunionyesha picha zake. Chaguo lake la pili ni Toyota Mark X ya injini ya lita 2.5. Mimi moyo wangu uko kwa Vitz au Demio. Nikisema hivyo ananuna, aniambia hayo ni magari ya kupelekea watoto chekechea.

Magari siyajui. Nijuacho ni daraja la Nyali saa kumi na mbili jioni, na tuktuk zinavyokata pale Kongowea bila kutazama nyuma. Nilinganishieni bila kunionea haya: kwa mtu anayeanza, haya yanatofautianaje? Nimemwambia naye asome.

Fundi_Shimanzi
Wa alaikum salaam dada. STI ya mwaka huo ilitoka Japani na injini ya lita 2.0 yenye tabo (turbo, kipuliza hewa cha kuiongezea injini nguvu), nguvu za farasi 308. Mark X ya 2.5 umbo la pili ina farasi 203, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Vitz ya lita 1.0 ni farasi 69. Ukizifunga Vitz nne pamoja bado hujaifikia hiyo ya buluu.

Ila mimi nitasema ya gereji. STI nyingi ninazozipokea zimeshapita mikono mitatu minne ya vijana, na kila mmoja aliongeza chake: egzosi, boksi la hewa, kompyuta ya injini kuchezewa. Tabo lake lilipangwa kwa petroli ya okteni ya juu, ile Wajapani huiita haioku. Ukiipa mafuta ya kawaida huku kompyuta imechezewa, injini inagonga ndani kwa ndani, na siku moja pistoni inapasuka. Mkanda wa taimingi, ule unaopanga mwendo wa valvu na pistoni, unabadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni na kilichobaki ni kutafuta injini nyingine. Muulizeni muuzaji ulibadilishwa lini, akikujibu "hivi karibuni" bila risiti, hesabuni haujabadilishwa.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: gari hili linasukuma magurudumu yote manne. Tairi moja ikipasuka ukaweka mpya peke yake, mzunguko wake haulingani na zile tatu zilizolika, na difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inasugua mchana kutwa. Kwa hiyo ni tairi nne kwa pamoja, na za saizi ile si za bei ya Vitz. Kwa msongamano wa hapa litakwenda kilomita saba au nane kwa lita. Huyo kijana ana kazi?

MamaTudor
Hana kazi bado, anaingia chuo mwezi wa tisa. Mafuta yatatoka kwangu.

Mwalimu_wa_Usukani
Mama, nimefundisha watu kuendesha kwa zaidi ya miaka ishirini, kutoka Buxton hadi Kizingo. Mwanafunzi mgeni haoni barabara, aona boneti. Macho yake yako mita kumi mbele ya gari, basi. Inachukua miezi kabla hayajaanza kwenda mbali: akaona gurudumu la mbele la tuktuk iliyoegeshwa likipinda kidogo, akajua hiyo inatoka. Akaona miguu ya mtoto kwa chini, upande wa pili wa matatu iliyosimama. Mambo haya sikuwahi kuweza kumpa mtu darasani. Yanakuja kwa kilomita.

Sasa tupige hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wake mjini, gari linakwenda mita 14 kila sekunde. Kwa 100 ni mita 28, kama matatu tano au sita za viti kumi na vinne zilizopangana pua kwa mkia. Sekunde moja ndiyo mtu anayoitumia kushtuka na kuhamisha mguu kutoka mafuta hadi breki, na mgeni huchukua zaidi. Tena mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza ni mara nne. Vitz inafika 100 kwa shida, zaidi ya sekunde 12, na injini inapiga kelele njia nzima. Kijana anasikia, anapata wasaa wa kufikiri, anaachia. STI inafika kwa sekunde kama 5 na ndani kumetulia. Mwendo umeshamkuta kabla macho hayajafika.

Na si yeye peke yake ndani ya gari. Kijana akiwa na mama yake huendesha vizuri. Akiwa na wenzake watatu nyuma wanaosema "hebu ikanyage tuisikie", ni mtu mwingine kabisa. Gari la kasi huwaita hao wenzake.

Boksa_Pwani
Mimi nina Subaru, naipenda, na sitakubali isemwe kama jeneza. STI ina breki za Brembo, ina shokabu ngumu, inashika barabara kwa miguu yote minne. Mpeni mtu Vitz nyepesi isiyofika tani moja, aende nayo Mariakani katikati ya matrela yanayotoka bandarini, halafu aovateki kwa farasi 69. Atakaa upande wa pili wa barabara muda gani? Nguvu pia ni usalama ukijua kuitumia.

Mwalimu_wa_Usukani
Ndugu yangu Boksa, umesema mwenyewe: ukijua kuitumia. Mwenye leseni ya wiki sita hapaswi kuovateki trela kule Mariakani kwa gari lolote. Akae nyuma yake, aache nafasi, afike saa moja baadaye. Lakini hoja yako ya uzito naikubali. Gari dogo sana likigongana na kubwa, dogo ndilo linaloumia.

Kijana_Bamburi
Shikamoo mama. Nilikuwa na Mark X nikiwa na miaka 21, ndilo lilikuwa gari langu la kwanza, kwa hiyo nazungumza na mdogo wangu moja kwa moja.

Mwezi wa Mei, mvua ndiyo kwanza imeanza jioni ile baada ya siku kadhaa za jua. Natoka Mtwapa naja Bamburi. Wakati ule sikujua kwamba mvua ya dakika za kwanza ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mafuta na vumbi vilivyokaa kwenye lami vinapanda juu kabla havijaoshwa. VSC, ile inayolizuia gari kuteleza, nilikuwa nimeizima kwa swichi. Marafiki waliniambia inalibana gari. Tairi za nyuma zilikuwa vipara, pesa yake niliinunulia egzosi.

Nikatoka nyuma ya tuktuk, nikakanyaga. Mkia ukaanza kwenda kushoto polepole, nikadhani ni upepo. Nikakata usukani, ukarudi kulia kwa nguvu mara mbili. Gari likageuka zima, likasimama likitazama Mtwapa nilikotoka, gurudumu la nyuma limekunjika juu ya ukingo wa mtaro. Palikuwa na muuza madafu pale. Alikuwa ameshaacha mkokoteni akaruka. Nilichokigonga ni mkokoteni, madafu yakatawanyika barabara nzima, mengine yamepasuka, mvua inayanyeshea. Yeye hakuumia. Mkokoteni niliulipa, lakini mpaka leo nikipita pale namtafuta kwa macho nimwone mzima.

Sikuwa nakimbia, mdogo wangu. Nilikuwa kama 70. Mark X si gari baya, lina nafasi, limetulia. Ila gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kwenye lami yenye maji, linahitaji mguu mpole, na mguu wangu ulikuwa bado haujajifunza upole.

Bima_Mwembe_Tayari
Nitasema ya kazi yangu kwa ufupi. Bima ndogo, ya wahusika wengine, ndiyo ya lazima kisheria, na inalipa madhara uliyomfanyia mwenzio. Gari lako hailigusi. Bima kubwa hupigwa asilimia ya thamani ya gari, na dereva kijana au mwenye leseni mpya huongezewa kile kiasi anacholipa mwenyewe kabla kampuni haijatoa chochote. Gari likizeeka sana, kampuni nyingi hukataa kulikatia bima kubwa. STI ya 2009 muulize wakala kwanza, pesa ikiwa bado benki.

Mambo mawili yanayowaliza watu ofisini kwangu. Kwanza, gari limeongezwa nguvu na kampuni haikuambiwa, dai linakataliwa. Pili, mzazi anaandika gari kwa jina lake kana kwamba yeye ndiye dereva, kumbe mwana ndiye anayeliendesha kila siku. Mama, usifanye hivyo hata ukishauriwa na nani. Andika ukweli.

Nyali_Mkaa_Pwani
Ushauri mdogo kwa yeyote anayenunua gari lililokaa huku kwetu: inama uangalie chini. Chumvi ya bahari inakula. Pitisha vidole ndani ya matao ya magurudumu na kwenye mabomba ya breki. Rangi ya buluu inayong'aa juu haisemi chochote. Na soma tairi ubavuni, kuna namba nne: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Nimeona gari limeoshwa likang'aa yadini na tairi zina miaka kumi.

Mwana_wa_Tudor
Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye mwenyewe. Nimesoma yote, ya Bro wa Bamburi nimeyasoma mara mbili.

Sitaki STI nipate kukimbia. Marehemu babu alikuwa akitusimulia Safari Rally, na tangu mdogo mimi ni Subaru. Ule mlio wa injini ya boksa, ile ambayo pistoni zake zimelala ubavu, ukipita tu naujua bila kuangalia. Vitz ni gari zuri, lakini nikiinunua kwa pesa hii nitaiangalia kila siku kama kitu nilichonyimwa. Ndiyo ukweli wangu.

Boksa_Pwani
Mdogo wangu, hapo umenigusa. Kama babu alikusimulia Safari, basi jua na hili: Patrick Njiru, Mkenya mwenzetu, aliingia Safari ya 1993 na Subaru Vivio, kigari cha injini ya cc 660, na akaifikisha mwisho. Usubaru si farasi 308.

Nakupa njia ya kati ambayo nilipaswa kuitaja tangu mwanzo. Tafuta Impreza ya kawaida isiyo na tabo, umbo la kuanzia 2012, ya 1.6 au 2.0. Ya 1.6 ina farasi 115, ya 2.0 ina 150. Injini ni boksa ileile iliyolala, lakini inatumia cheni badala ya mkanda. Ina uzito wa kutosha, ina VDC (ndiyo VSC kwa jina la Subaru), ina mifuko ya hewa, na ziko nyingi sokoni. Nikuambie wazi ili usije ukanilaumu: ule mlio wa kubwatabwata hutausikia. Ule unatokana na mabomba ya egzosi ya zamani yasiyolingana urefu.

Fundi_Shimanzi
Hapo Boksa amesema. Na chagua 1.6. Chenji itakayobaki ni ya tairi nne mpya, breki na sevisi ya kwanza. Bampa ya mbele utaikwaruza mwaka huu, kila mtu huikwaruza, na bampa ya hii inapatikana. Ukiipata usilipe kabla hujaniletea niiangalie, sitakutoza kitu.

Kijana_Bamburi
Na ile swichi ya VSC usiiguse.

MamaTudor
Nimerudi kuwapa habari. Tumekaa wawili mezani usiku na chai, tukampigia mjomba wake, naye amesema pesa ni ya kijana lakini roho ya kijana ni yetu sote. Tumeiona Impreza ya 1.6 ya fedha Kizingo, namba ya usajili yaanza na KD. Nimeinama mwenyewe kama alivyosema wa Nyali, nimepitisha vidole, na nimesoma tairi: mbili za mbele ni nzima, za nyuma 1617. Muuzaji amekubali kuzibadilisha. Kesho inakwenda Shimanzi kwa fundi. Bima nimeshauliza, itaandikwa jina lake na umri wake kama ulivyo.

Tumekubaliana miezi mitatu ya kwanza asibebe rafiki, na usiku wa mvua asitoke. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama mimi nahesabiwa kuwa rafiki.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, magari yakiwa bado machache, tutaanzia Mama Ngina, twende mpaka Lighthouse na kurudi. Usukani ni wake, mimi nitakaa kushoto.