Sarafu za nyanya zimepoteza ng'aro na moja nimeiharibu mwenyewe, nisaidieni

BintiKibokoni: Assalaam alaykum ndugu zangu. Nyanya alipofariki alituachia kopo la biskuti lenye sarafu za zamani: peni (senti kumi) na ndururu (senti tano) zenye tundu katikati, shilingi za simba za wakati wa King George, na pesa moja yenye picha ya mizani, ya 1888, ya enzi ya Kampuni ya Waingereza. Nyingi zimeshika weusi, nyengine zina unga wa kijani. Peni ya 1942 niliisugua kwa ndimu na majivu kama tusuguavyo sinia. Sasa ina wekundu wa ajabu, haina uhai, na zile pembe za ndovu zilizochorwa juu yake zimefifia. Nimelia wallahi. Zilizobaki nizifanyeje?

SonaraMzee: Pole mwanangu. Usisugue tena hata moja. Ng'aro ya sarafu mpya haikupakwa. Muhuri unapoipiga, metali husukumika na kuacha mistari myembamba mno, na hiyo ndiyo inayochezesha mwanga. Mistari ikifutika hairudi, hata uende kwa fundi gani. Na picha hulika kuanzia palipoinuka: shavu la mfalme, manyoya ya simba. Miaka ya kusuguana na funguo mfukoni yatosha, na majivu ni mchanga mtupu.

MwalimuKemia: Weusi na kijani ni mambo mawili. Shilingi hizo hadi 1946 zilikuwa na fedha robo tu, nyingi iliyobaki ni shaba. Fedha ikikutana na salfa ya hewani hufanya weusi, na weusi huo haudhuru, uache. Peni ni shaba, na ndimu iliyeyusha ngozi yake ya kahawia. Kijani ndicho cha kuogopa. Hapa kwetu upepo wa bahari una chumvi, na chumvi ikishika shaba penye unyevu huendelea kuila ndani kwa ndani.

BintiKibokoni: Ahsanteni. Zenye unga ni nne, na ile ya mizani ni mojawapo. Nilizifunga kwa raba ndani ya mfuko wa nailoni.

SonaraMzee: Toa raba leo hii, ina salfa. Plastiki laini nyengine nazo hutoa asidi zikizeeka.

MwalimuKemia: Hizo nne zitenge. Ziloweke kwenye maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri (si asidi yake!), ubadilishe kila siku kwa wiki kadhaa. Zikaushe kabisa, kisha uzitie chupa ya kioo pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Shika ukingoni tu, jasho nalo ni chumvi. Ya mizani itazame kila mwezi chini ya herufi; unga ukirudi, irudishe majini siku hiyo hiyo.