Barua za bibi na shoga yake: nizipeleke Nyaraka za Taifa Kilimani?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Bibi mzaa mama katuachia kasha la njumu, na chini ya kanga zake mna barua 60 na ushei kutoka kwa shoga yake wa Wete, zote kwa herufi za Kiarabu. Walianza kuandikiana kabla ya Mapinduzi ya 1964. Walipofiwa na waume zao wakakaa nyumba moja mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, mpaka mwisho. Shoga huyo mie nikimwita bibi mdogo tu, sikuuliza kitu.

Juzi maalim kanisomea moja: "Upande wangu nauvaa Ijumaa tu. Wako usiufue kwa sabuni kali ukachujuka." Kumbe doti moja waligawana! Upande wa bibi ninao, umechakaa pindoni.

Mjomba anataka zichomwe, eti siri za wanawake. Mie nafikiria Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, maana mende washaanza kula kingo. Lakini mna mambo ya ndani, na bibi mdogo ana watoto Pemba. Niwatake idhini kwanza? Na inawezekana kukabidhi kwa sharti zisisomwe miaka kadhaa? Aliyewahi kupeleka karatasi za ukoo anielekeze, tafadhali.